Blanketi letu la vitabu: jinsi tulivyolishona na niliyojifunza humo

Hili blanketi nimeulizwa sana tangu ndugu zangu waanze kuzungusha picha zake kwenye simu, kuna wanaotaka kujua linashonwaje na kuna wanaotaka niwashonee kwa hela, sasa kwa hela hapana, siwezi kukushonea kumbukumbu za kwenu, ila kueleza naeleza na nitaeleza kwa kirefu maana ni kazi ambayo mkiipatia inakaa kwenye ukoo miaka na miaka.

Kwa ambaye hajaliona, ni blanketi la vipande, wengine wanaita kwilti. Lina matabaka matatu yaliyoshonwa pamoja, juu ni vipande vya vitambaa vilivyoungwa, katikati blanketi jepesi, chini shuka na khanga. Vipande vya juu viko 20, safu 5 na kila safu vipande 4, na ukiacha vinne ambavyo bado ni vitupu, kila kipande ni kitabu au hadithi ambayo mtu wa kwetu aliipenda akiwa mdogo, imekatwa kwa kitambaa ikapachikwa au imetariziwa kwa uzi. Kati ya kipande na kipande kuna ukanda wa inchi 2 wa kitambaa cha sare ya shule, bluu ya sketi na kaki ya kaptula. Lote lina inchi 58 kwa 72, linakaa vizuri juu ya godoro la tano kwa sita.

Kwanini vitabu na sio maua au nyota kama blanketi nyingi za hivi? Kwa sababu ya mama. Azimio la Musoma la 1974 ndo lililoleta elimu ya msingi kwa wote, na ilipofika 1977 watoto walijaa mashuleni kuliko walimu waliokuwepo, basi vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa wakawa wanafundishwa ualimu hukuhuku wanafundisha, ndo hao watu waliwaita walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha hiyo elimu ya msingi kwa wote, na wengine walilitamka hilo jina kwa dharau. Mama yangu ni mwalimu wa UPE. Alifundisha darasa la kwanza na la pili huku Kibosho, Moshi, mpaka anastaafu, na kuna watu wazima saivi wana madaraka yao Dar na Dodoma ambao herufi ya kwanza walishikwa mkono na yeye.

Kipindi kile kitabu kimoja wanasoma watoto wanne dawati moja, kinavutwa huku na huku, kwahiyo kikifika mwisho wa muhula kimeachia kava na kurasa zinadondoka. Mama likizo ikifika alikua anakuja navyo nyumbani kuvitengeneza. Anachemsha uji mzito wa unga wa ngano ndo gundi, anachukua sindano ya magunia na uzi wa kushonea viatu, anatoboa kitabu kwenye uti wake matundu matatu, anapitisha uzi ndani nje ndani, anakaza na kufunga fundo kwa ndani ili lisimkwaruze mtoto, alafu anakivalisha kava la karatasi ya kaki. Vikishakauka tunavigombania sisi kuvisoma kabla havijarudi shule. Kwahiyo sisi tuliona kushona na kusoma vinafanywa na mikono ileile, kwenye meza ileile, na mimi hata cherehani nilifundishwa na yeye.

Vile vitabu vichache vilivyobaki nyumbani kabisa, vile ambavyo shule ilishaviacha, vilikua kwenye sanduku la bati stoo. Tulipofungua kutafuta vyeti vya mzee mchwa walikua wameshaingia kwa chini, kilichobaki ni kitabu kimoja hakina mwanzo wala mwisho na kurasa kadhaa zimeshikana. Mama aliviangalia akasema tu vimefanya kazi yake. Ila mimi nilikaa na lile jambo. Nikaona vitabu vimeondoka lakini waliovisoma wapo, na macho ya mama yanazidi kufifia, na shangazi ndo amebaki peke yake kati ya watoto wa bibi wa kike, sasa tusipouliza leo tutamuuliza nani.

Kwahiyo kazi ya kwanza haikua kushona, ilikua kuuliza. Na nasema kabisa hii sehemu ndo nusu ya kazi yote na watu wengi wanairuka, wanakimbilia dukani kununua vitambaa.

Nilianza na grupu la familia, nikawaandikia kila mtu achague kitabu au hadithi moja au mbili za utotoni, asinitumie jina la kitabu, anitumie anachokiona kichwani akifumba macho. Hapo ndo moto ukawaka. Kaka yangu mkubwa, dereva wa lori anapiga njia ya Tunduma, akachagua hadithi ya kima na papa, ile papa anambeba kima mgongoni kumpeleka kwa sultani anayetaka moyo wa kima, katikati ya bahari kima anamwambia moyo sijaja nao nimeuacha juu ya mti, nirudishe nikauchukue. Kaka kachora nyuma ya risiti ya mafuta akapiga picha akatuma, mti wake una maembe makubwa. Dada yetu wa Mwanza akaja juu, ule sio mwembe ule ni mkuyu, mimi nimekisoma hicho kitabu mpaka nikakikariri. Kaka akasema dada wewe ulikua hujaanza hata shule. Wakabishana usiku mzima, shemeji naye akaingilia, mpaka mama akarekodi sauti akawaambia walale.

Mi nikafuatilia. Hadithi yenyewe ni ya zamani sana kwenye Kiswahili, mmisionari Edward Steere aliichapa London mwaka 1870 kwenye mkusanyo wake wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, na humo mti ni mkuyu. Kwahiyo dada alikua na ushahidi. Lakini nilipokaa na kaka akanieleza, nikaelewa: darasani kwao dirisha lilitazama mwembe, na mwalimu alipokua anasoma yeye alikua anaangalia nje, akamuona kima mle mle kwenye mwembe wa shule. Sasa nimnyang'anye mwembe wake kwa sababu ya kitabu cha 1870? Hapana. Blanketi lina vipande viwili vya hadithi hiyohiyo, kimoja mwembe wa kaka, kingine mkuyu wa dada, na vimekaa safu moja vinatazamana.

Baada ya hapo nikajua tunashona nini. Hatushoni vitabu, tunashona kila mtu alivyosoma. Ndo maana niliacha kabisa kutafuta picha halisi za vitabu nikazinakili. Mtu mmoja mwenye duka la kuprinti tisheti mjini alinishauri nimletee picha azibandike kwenye kitambaa kwa mashine ya moto, siku moja tu kazi imeisha. Sikukubali, na sababu yangu ya kwanza ni kwamba ile rangi ya kubandika ukifua na kupiga pasi mara kwa mara inaanza kupasuka na kubanduka, sasa kitu cha kurithisha kikibanduka picha unamrithisha mtu nini. Sababu ya pili ni kwamba ile picha ya kwenye kitabu ni kazi ya mchoraji fulani, ina mwenyewe, ila mwembe wa kaka ni wa kaka.

Kwa bibi ilibidi twende kwa shangazi, Uru, maana bibi alishafariki. Shangazi ndo akatueleza vizuri. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kua mwaka wa elimu ya watu wazima, na kile kisomo kikaenea mpaka vijijini huku mlimani, wamama wakitoka kuchuma kahawa jioni wanaenda na kibao na chaki. Bibi alianzia ba be bi bo bu kama mtoto, akiwa mama wa watoto wakubwa. Shangazi anasema alikua anarudia zile silabi huku anamenya ndizi, wanamsikia jikoni, ba be bi bo bu, na wakimcheka anaongeza sauti. Alafu 1973 ikaja ile kampeni ya Mtu ni Afya, watu wanakusanyika kwenye vikundi wanasikiliza redio huku wana vijitabu mkononi, wakimaliza wanakwenda kutekeleza, wanachimba vyoo, wanafyeka majani kuzunguka nyumba. Shangazi akasema kile kijitabu ndo kitabu cha kwanza bibi kukisoma mwenyewe mpaka mwisho bila kushikwa mkono, na mara moja akamsimamia babu mpaka choo kipya kikachimbwa.

Kwahiyo bibi ana vipande viwili. Kimoja ni kitambaa cheusi kama kibao na silabi tano zimetariziwa kwa uzi mweupe, mshono wa mnyororo. Cha pili ni choo cha shimo, kina paa la majani na mlango. Kuna wa nyumbani walisema jamani choo kwenye blanketi la ukoo, si tumuwekee bibi ua hata moja. Shangazi akawajibu, yeye alichokisoma ndo hicho, na nyie mmekua bila kuumwa tumbo kwa sababu yake. Choo kikabaki, na mi nakwambia ndo kipande watoto wanakiulizia kuliko vyote.

Sehemu nyingine iliyonifundisha sana ni wakwe. Mke wa kaka yangu katokea Singida, nilipomuuliza kitabu chake cha utotoni akakaa kimya, alafu akasema wifi, sisi kwetu vitabu havikuwepo. Sikutaka kumpa kipande cha kumuonea huruma, na sikutaka akose. Tukaendelea kuongea mambo mengine kabisa, tunachambua mchele, akaanza kunieleza walivyokua wanaandika mchangani. Mwalimu anawatoa nje, kila mtoto ana kijiti chake na eneo lake la mchanga, wanaandika, mwalimu anapita anaangalia, ukikosea unafuta kwa kiganja. Nikamwambia basi hicho ndo kitabu chako. Kipande chake ni kitambaa cha rangi ya udongo wa kwao, kuna herufi zimetariziwa kwa uzi uliokozea kidogo tu kuliko kitambaa, lazima usogee karibu kuziona, na pembeni kuna alama ya kiganja. Kiganja chenyewe ni chake, aliweka mkono juu ya kitambaa nikauzungushia chaki. Tangu siku hiyo blanketi analiita blanketi letu.

Sasa vitambaa. Tulikubaliana kila kipande kiwe na kitambaa cha mtu mwenyewe au cha mtu aliyemsomea, na vya kuongezea nikavitafuta mjini Moshi. Kwa pamba nzuri mi naenda soko la Memorial kwenye mitumba, yale mashuka ya ulaya ya zamani ukigeuza lebo unaona ni pamba tupu, ni imara na yameshafuliwa sana kwahiyo hayasinyai tena. Lebo ikiwa imekatwa chomoa nyuzi chache uchome na kiberiti, pamba inaungua kama karatasi na majivu yake ukiyagusa yanapukutika, ila tetroni, yani poliesta, inayeyuka na inaacha kidonge kigumu. Usichanganye hivyo viwili kwenye kitu cha kudumu maana vinasinyaa tofauti na kimoja kitamvuta mwenzake mpaka blanketi lijikunje.

Khanga na vitenge lazima vifuliwe kwanza, tena peke yake. Kwanza vinatoka dukani na ile wanga inayovifanya vikakamae, pili rangi. Fundi mmoja mama wa makamo anayekaa barazani karibu na soko la Mbuyuni ndo alinionyesha kipimo chake, analowesha kitambaa cheupe, anakisugua kwenye pindo la khanga kwa nguvu, akiona hata kivuli cha wekundu anairudisha kwenye beseni. Khanga ya bibi ilikua kisutu, nyekundu na nyeusi na nyeupe, na umri wote ule bado ilitoa rangi. Watu wanasema loweka na chumvi, fundi akaniambia dada yangu chumvi haitakusaidia kwa hii, fua mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Ndo nilichofanya, na haijatoa tone kwenye vipande vyeupe mpaka leo.

Vitambaa vilivyochoka vina utaratibu wake. Shati la baba, lile la mistari alilokua anavaa akikaa na sisi kutuonyesha ramani kwenye atlasi, lilikua limelika mabegani. Ukilinyanyua kwenye mwanga unaona mwanga unapita. Kitambaa cha hivyo usikitupe na usikishone kilivyo, kipe mgongo, chukua popelini nyembamba nyeupe ukate saizi ileile, viweke pamoja upige bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kuzunguka, kuanzia hapo unavishika kama kitambaa kimoja. Mgongoni mwa shati ndo palikua pazima kuliko pote, pakatosha bara la Afrika lote na kisiwa cha Madagascar pembeni. Mlima Kilimanjaro nimeuweka kwa ushanga mmoja mweupe, kwa sababu baba alikua akifika hapo anabonyeza kwa kidole anasema nyie mpo hapa.

Kupachika picha ndo kunataka utulivu. Nieleze sungura, maana kila anayejaribu anakwama kwenye masikio. Huyu ni wa mdogo wetu wa mwisho. Yeye alikua kipindi kingine, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulianza 1991, na yeye alikuta vile vitabu vyembamba vya hadithi vya Kiswahili ambavyo sisi wakubwa hatukuvipata. Alimchora sungura amesimama kwa miguu miwili ana masikio marefu membamba. Unachora kwenye karatasi ngumu, unakata, unaweka juu ya kitambaa unazungushia chaki, alafu unapokata kitambaa unaacha robo inchi nje ya mstari wa kukunja ndani. Kwenye mgongo na tumbo haina shida. Kwenye ncha ya sikio ile robo inchi ya kulia na ya kushoto zote zinataka kuingia sehemu moja na hazienei, panavimba. Dawa yake ni kukunja ncha kwanza ielekee chini, ubonyeze kwa ukucha, upunguze kwa mkasi kilichozidi kwa ndani, ndo ukunje upande wa kulia, ushone mpaka kwenye ncha kabisa, uweke mshono mmoja wa ziada pale pale kwenye ncha wa kushikilia, ndo ukunje upande wa kushoto kwa kusukumia kitambaa na ncha ya sindano. Na pale sikio linapokutana na sikio, kwenye lile bonde, kata mkato mdogo kuelekea kwenye mstari usiufikie, bila hivyo hapakunjiki. Mishono iwe midogo, uzi rangi ya sungura na sio rangi ya kitambaa cha nyuma. Sungura mmoja anaweza kukumalizia jioni nzima na hakuna haja ya kuharakisha.

Mama alikua anakagua kila kipande. Macho hayaoni vizuri ila vidole vyake vinasoma, anapitisha dole gumba pembeni ya picha, akisikia sehemu imeachia anaweka kucha hapo anakurudishia. Hasemi kitu. Kati ya vipande vyake viwili, kimoja ni kitabu chenyewe kimevalishwa kava la kaki, kaki ya kaptula ya kaka, na kwenye uti kuna matundu matatu na uzi wa viatu umepita, fundo liko kwa ndani. Hicho alishona mwenyewe kwa kupapasa. Nilimuwekea uzi kwenye sindano tu.

Kuunganisha vipande niliwapa nafasi watu wa cherehani, yani yule fundi na mimi tulikaa barazani kwake na cherehani yake ya Butterfly ya kukanyaga, maana hapo ni hesabu tupu. Kila kipande kimekatwa inchi 12 na nusu ili kikishonwa kibaki 12 kamili. Mshono ni robo inchi, na ni robo kweli. Safu moja ina vipande 4 na kanda 5, yani mishono 8. Ukizidisha nusu ya robo tu kwenye kila mshono unakula kitambaa pande zote mbili, kwa mishono 8 safu imeshapungua inchi 2 nzima na haitalingana na mwenzake. Fundi alibandika kipande cha karatasi ya gundi kwenye bati la cherehani, robo inchi kutoka kwenye sindano, kitambaa kinatembea kimegusa hapo hakihami. Na kila mshono ukimaliza piga pasi kabla hujavuka kwenye unaofuata. Pasi ya mkaa inafaa kabisa, ila pangusa chini kila mara masizi yasishike.

Tabaka la katikati watu wanapenda kuweka ile pamba nene ya masofa. Mi nasema hapana, kwa sababu cherehani ya kawaida haivuti, na likilowa halikauki. Huku juu Kibosho mwezi wa sita na wa saba kuna baridi na ukungu, nguo inaweza kukaa kambani ikabaki na unyevu, sasa fikiria blanketi nene. Nimeweka blanketi jepesi la fulanela lililofuliwa. Chini nikaweka khanga ya bibi katikati, maneno yake Wema hauozi yanasomeka, na kwa kua khanga haitoshi upana wala urefu nikaizungushia marekani, ile pamba ya kawaida isiyo na rangi, mpaka ikazidi sehemu ya juu inchi kadhaa kila upande. Hiyo ziada ni lazima, matabaka yakishonwa yanatembea. Tulitandika yote matatu chini sebuleni, tukavuta yakanyooka, tukapiga bandi kubwakubwa kuanzia katikati kwenda nje kama jua linavyotoa miale, ndo tukashona kwa mkono kuzunguka kila picha, na kwenye kona za kanda tukafunga mafundo ya uzi wa pamba, mara mbili. Hiyo ilifanyika mwezi wa kumi na mbili watu wote wamerudi nyumbani. Kila mtu alifunga angalau fundo moja, hata kaka ambaye alisema mikono yake ni ya usukani. Pembeni ni paipini, ukanda wa kufunika kingo, wa kitenge alichokua anavaa mama kwenda kufundisha.

Nyuma kwenye kona kuna kitambaa cheupe kimetariziwa majina, nani ana kipande gani, Moshi, na mwaka. Usiache hii. Baada ya miaka 50 mtu ataona choo asijue ni cha nani.

Sasa matumizi, na hapa najua wengine hatutaelewana. Kuna aliyeniambia nilitie kwenye fremu ya kioo niliweke ukutani, na kuna aliyesema nilifungie kabatini litoke kwenye sherehe tu. Mi nimeshona mishono midogo na kupiga pasi na kufua khanga mpaka maji yakatakata ili litumike. Mtoto akizaliwa kwenye familia linaenda kwenye nyumba hiyo, anafunikwa, analalia, akitapika linafuliwa. Akianza kuuliza huyu ni nani na huyu anafanya nini, mzazi lazima amsimulie, na asipoijua hadithi anampigia simu mwenye kipande. Kaka ameshapigiwa simu akiwa Makambako saa tatu usiku ameegesha lori, akasimulia kima na papa kwa spika ya simu mpaka mwisho, na akasisitiza ni mwembe.

Kufua ni kwa mkono, maji ya baridi, sabuni ya kipande, jiki isiguse. Usilikamue kwa kulisokota, likunje ulikandamize maji yatoke, alafu lianikwe kivulini limelazwa kwenye kamba mbili au tatu, maana jua la Moshi mjini linapausha nyekundu na bluu haraka sana. Likiwa halitumiki linaingia kwenye foronya kubwa ya pamba na majani makavu ya mwarobaini, usiliweke kwenye mfuko wa nailoni linapata ukungu, na kila baada ya muda likunjuliwe likunjwe kwa mistari mingine ili kitambaa kisikatike sehemu moja.

Vipande 16 vina wenyewe. Vinne tumeviacha vitupu, kitambaa cheupe tu ndani ya kanda zake, kwa ajili ya watoto wa watoto, na tumekubaliana sharti moja, mtoto achague kitabu mwenyewe na akisome kwa sauti mbele ya mama yangu kabla mkasi haujaguswa. Mtoto wa dada yupo darasa la pili ameshachagua, ni kuku wa kwenye kitabu chake cha shule. Alisoma likizo iliyopita, kwenye ukurasa mmoja alikwama, bibi yake akamwambia ivunje silabi, akaivunja akavuka. Kuku ameshamchora na mkia mkubwa kuliko mwili. Kitambaa bado hatujakubaliana, mi nimemtafutia kahawia nzuri ya pamba ila yeye anataka zambarau, na mama amesema kama amemuona kuku zambarau basi atashonwa zambarau, kwahiyo Jumamosi naenda Memorial kutafuta shuka la rangi hiyo.